Kitambaa Chekundu Kwenye Senetwet

Mwezi uliopita nusura nimpasue kijana wa watu, mchana kweupe, nje kidogo ya Silibwet. Hakuwa amenikosea lolote. Alikuwa kando ya barabara na bomba la dawa mgongoni, mkono mmoja ukipiga mpini, mwingine ukielekeza mrija kwenye magugu ya mtaroni, buti zake za mpira zimelowa hadi magotini. Nilikuwa nimeshampita hatua mbili tatu harufu iliponipata. Ile dawa ya kuua magugu ina harufu chachu na tamu kwa pamoja, na ikishaingia kooni haitoki hata uteme mate mara ngapi. Nilipozinduka nilikuwa nimemkwida shati, mkono wa pili umeushika mrija wake, na ninapiga kelele kama mwendawazimu: "Hiyo usiguse! Hiyo usiguse!" Mfuko wangu wa vitunguu, ile nyavu nyekundu ya sokoni, ulikuwa umepasuka na vitunguu vinaviringika barabarani.

Kijana hakunirudishia mkono, Mungu ambariki. Aliuachia mpini wa bomba, akaniangalia.

"Mathe, kwani nimekosea wapi?"

Sikuwa na jibu fupi. Jibu refu nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokulia kwenye njia za majani chai na mnaozikumbuka barabara zetu kabla hazijapata lami.

Kwetu ni upande wa Sotik, kwenye barabara inayoelekea Chepilat. Chai ilikuwa kulia na kushoto, imekatwa sawasawa, safi, ya kupendeza wageni. Lakini kati ya chai na barabara palikuwa na ule ukanda wa serikali usio na mwenyewe, na huko magugu yalifanya yatakavyo. Kulikuwa na lantana yenye kunuka kama mkojo wa paka dume, miba iliyojipinda ambayo ikikushika shati haikuachi bila kipande, na yale majani machungu yenye maua makubwa ya njano yanayomzidi mtu mzima kimo. Yaliziba mitaro, mvua ikapita juu ya barabara na kuichana. Yaliziba kona pia. Kwenye kona iliyo karibu na kalavati pikipiki ilimgonga mtoto wa darasa la kwanza kwa sababu dereva hakumwona na mtoto hakumwona dereva. Niliuona mguu wake. Mfupa ulikuwa mweupe kuliko nilivyodhani mifupa huwa, na kiatu kilikuwa bado kimefungwa kamba vizuri.

Baada ya hapo watu wa barabara wakaleta kikosi cha akina mama wenye slasha za kufyekea. Sisi watoto tuliona ni vita, tukashangilia. Walipanga mstari na kukata wakisonga mbele, wakiimba nyimbo za kanisani, na kila ubeti uliangusha kitu. Utomvu uliwarukia usoni. Nyoka walitoka na kukatwa vipande vipande, na kila kipande kilijinyonganyonga peke yake. Mama mmoja alijikata muundi, akaufunga kwa leso na kuendelea, na damu yake ilibaki kwenye majani hadi kesho yake. Nililipenda jambo lile, sitawaficha. Nilikuwa na miaka tisa na nilipenda kuona kitu kikipigwa.

Lakini mvua mbili tu na visiki vikachipua upya, vingi kuliko mwanzo. Ndipo akaja Mokaya na bomba lake.

Mokaya alitoka ng'ambo ya Chepilat, upande ambao lugha inabadilika ukivuka barabara. Soko ni moja na tunauziana ndizi, maziwa na kuku, lakini kila upande una kumbukumbu zake za mishale na nyumba zilizochomwa, na zile kumbukumbu hazilali usingizi mzito. Wanaume wa kwetu walimwita "yule wa ng'ambo" hata akiwa amesimama mbele yao. Yeye alikuwa mtu wa utani, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na alizungumza na watoto kama watu. Nilizoea kusimama naye kidogo nikitoka shule.

"Anko, hiyo ni sumu?" nilimwuliza siku moja.

"Ni dawa. Sumu ni ya panya."

"Na mbona hiyo miti haijakufa?"

Alicheka, akatikisa bomba mgongoni. "Hii dawa haina haraka, msichana. Inaingia kwa majani, inashuka chini pole pole mpaka kwa mizizi. Leo unapita unaona mti iko mzima, inakusalimia. Kumbe ilishakufa, ni vile haijaambiwa."

Maneno hayo yaliniingia hasa. Nilianza kutazama kila kitu kwa jicho hilo, nikijiuliza ni kipi kimeshakufa na bado hakijaambiwa.

Wiki hiyo hiyo watu wa barabara walipita na rangi nyekundu, wakachora alama ya msalaba uliolala kwenye vibanda vilivyojengwa ndani ya ukanda wa serikali. Fundi wa viatu alichorewa mlango. Siku ya tatu tingatinga likaja, likakilaza kibanda chake kwa pigo moja, na fundi akabaki barabarani amekumbatia viatu vya watu, analia kwa sauti. Sikuhitaji mwalimu wa kunieleza. Kilichotiwa alama nyekundu kinauawa.

Sasa nje ya lango letu, kwenye ukanda ule ule, kulikuwa na kichaka kikubwa cha senetwet. Mliotoka kwetu mnakijua. Ni kile chenye maua ya njano yaliyosimama kama mshumaa, na ukiyasugua majani yake yananuka njugu. Matawi yake ndiyo yanayochomwa kuwa makaa, na yale makaa husagwa ndani ya kibuyu kwa fimbo hadi kibuyu kiwe cheusi na laini, kisha maziwa yanatiwa humo yagande yawe mursik. Bila senetwet, mursik ni maziwa yaliyoharibika tu. Na senetwet ya pale nje ilikuwa ya Kogo, nyanya yangu, ingawa ilisimama kwenye ardhi ya serikali. Alikuwa akikata matawi yake tangu alipoolewa.

Kogo alikuwa mwanamke mwenye mikono. Sina njia nyingine ya kumweleza. Alimpiga mwanawe wa mwisho, baba yangu mdogo Kiprono, akiwa tayari na ndevu, kwa sababu alimrushia ng'ombe jiwe. Masikio yangu aliyasokota hadi nikasikia kengele. Alinifundisha kukamua kwa kunipiga kofi kila nilipomwumiza ng'ombe, na ng'ombe wake walimpenda kuliko walivyowapenda ndama wao. Nilimwogopa, na nilimpenda kwa namna ambayo sijampenda mtu tena. Aliponikuta nimesimama na Mokaya alinivuta kwa kola hadi nyumbani.

"Nikikupata tena unasimama na watu ya tawa, nitakuchapa mpaka utasahau jina yako." Kogo alisema "tawa" kwa dawa, na hakukuwa na mtu duniani aliyethubutu kumcheka.

Siku chache baadaye nilitoka shule nikamkuta Mokaya amepiga magoti mbele ya ile senetwet, bomba mgongoni, anafunga kitambaa chekundu kwenye shina. Alilikaza fundo kwa meno. Kisha akasimama, akaendelea kupulizia lantana upande wa kulia na upande wa kushoto, na mimi nikapita mbio nikiogopa mkono wa Kogo. Nilichokiona kwa macho yangu ni hicho tu. Niliona fundo.

Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Kichaka cha Kogo kilikuwa kimehukumiwa. Kesho yake kilisimama kijani, na maua yake yote, na nikasema moyoni kwamba kimeshakufa na hakijaambiwa.

Kesho kutwa yake Kogo alichukua panga akakata matawi manne kutoka kwenye kichaka hicho hicho.

Shangazi yangu, tuliyemwita Senge, alikuwa anakuja kuposwa. Wazee wa upande wa mume wangefika Jumamosi ya pili kwa koito, ile siku ya kukaa na kuafikiana kuhusu ng'ombe wa mahari, na mama mwenye boma anayejiheshimu hawezi kuwapokea wageni wa koito kwa chai peke yake. Kogo alichoma matawi, akasaga makaa ndani ya vibuyu vitano, akatia maziwa, akavifunga. Nilimtazama nikiwa nimesimama mlangoni. Nikisema, atajua nilikuwa nimesimama na Mokaya. Nisiposema, tutakunywa. Nilikuwa mtoto, na kofi la leo liliniogofya kuliko kifo cha wiki ijayo.

Kibuyu kidogo kilifunguliwa mapema kwa ajili yetu wa nyumbani. Sote tulikunywa. Kila asubuhi nilikagua kucha zangu za miguuni kuona kama zimeanza kugeuka njano, kwa maana magugu yalianza kukaukia kwenye ncha. Nilikagua za Kogo akilala mchana. Nilimtazama mama yangu akifua, nikajisemea, anafua na hajaambiwa. Sikulala vizuri wiki mbili. Shuleni nilimwuma mwenzangu bega hadi nikaonja damu.

Jumamosi ikafika. Wazee wa ule upande walikaa kwenye viti vya kukodisha chini ya turubai, fimbo kati ya magoti, na Senge alikuwa ndani amevaa nguo mpya inayomkwaruza shingo. Kogo alileta kibuyu kikubwa mwenyewe. Alikitikisa, akamimina mursik ya rangi ya majivu kwenye bakuli, akanywa ya kwanza mbele ya wote kama ilivyo desturi, ili mgeni ajue kilicho ndani ni chema. Alifuta mdomo. Alifungua kinywa aseme karibuni.

Kilichotoka ni damu. Ilitoka nyingi, nyeusi, ikaanguka kwenye bakuli na kwenye viatu vya mzee aliyekaa mbele. Kogo alishika meza, meza ikapinduka naye, na vibuyu viwili vikapasuka kwenye mawe.

Mama yangu na majirani walimbeba hadi kwenye gari la jirani, likaondoka kwenda hospitali kwa kasi hadi kuku mmoja akafa langoni. Wale wageni walisimama. Mzee wao hakupaza sauti, alisema tu kwa upole wa kukata maini, "Sisi tunaenda. Mtatuambia vile mtaamka." Ndani ya nyumba Senge alianza kulia kilio ambacho hadi leo nikikumbuka nywele zinanisimama.

Kiprono alikamata kibuyu kimoja kati ya vilivyobaki, akakirusha ukutani.

"Nani aliguza hii maziwa? Nani?"

Nilikuwa nimejibana kwenye kona ya jiko, nimetia mkono wa sweta ya shule mdomoni. Nilidhani zamu imefika. Kogo ameambiwa. Baada yake ni mama, kisha mimi.

"Ni dawa," nilisema.

Kiprono aligeuka. "Dawa gani?"

"Ya Mokaya. Iko kwa senetwet. Aliweka alama nyekundu. Alisema haiui haraka, inaenda pole pole, unaona mti iko mzima na imekufa."

Wanaume wa boma na majirani, wote kumi na kitu, walinyamaza. Maishani mwangu sikuwahi kuona wanaume wakinyamaza wakisubiri neno langu. Nitawaambia ukweli ingawa unaniaibisha, ukimya ule ulikuwa mtamu.

Kiprono alichuchumaa, akanishika mabega. "Alipulizia ile senetwet? Uliona na macho yako?"

"Niliona."

Neno moja tu. Nimezaa watoto watatu, nimezika mume, na bado sijapata kusema neno zito kama lile.

Mtu mzima yeyote angeweza kuuliza: kama kichaka kilipuliziwa wiki mbili zilizopita, mbona kipo nje pale kina maua? Lantana zote za jirani yake zilikuwa zimekauka, rangi ya kahawia, na senetwet imesimama katikati yake kijani kibichi. Walipita mbele yake wakikimbia. Kiprono alikitazama kabisa, akang'oa kile kitambaa chekundu, akakitia mfukoni kuwa ushahidi.

Mokaya alikuwa kwenye kona ya kalavati anamalizia kazi. Aliwaona wanakuja na rungu, na naamini angeweza kukimbia, lakini nani anakimbia akiwa hajakosa? Aliinua mkono kusalimu. Rungu la kwanza lilivunja mkono huo huo. Nilikuwa nimewafuata, na niliusikia mfupa. La pili lilipasua bomba, dawa ikammwagikia mgongoni na kutiririka hadi kwenye buti. Walimpiga akiwa amesimama, wakampiga amepiga magoti, wakampiga amelala. Kofia yake ya sufu iliruka mtaroni. Watu niliowajua kwa upole, mmoja ni mzee wa kanisa aliyenifundisha kusali, walipiga mateke wakipumua kama wapasua kuni.

"Sikupulizia!" alipiga kelele. "Hiyo kitambaa ni ya kuacha! Muulizeni mama mzee! Ni ya mama mzee!"

"Unataka tuulize maiti?" Kiprono alisema.

Hapo Mokaya aliniona. Uso wake ulikuwa damu tupu, lakini alinijua.

"Wewe msichana. Waambie. Wewe ulipita pale."

Na mimi, ambaye sekunde hiyo ndipo nilipoanza kuelewa, nilitazama chini. Ningesema "sikuona," wangenigeukia mimi. Ndivyo nilivyofikiri. Nilitazama viatu vyangu, na nakumbuka kimoja kilikuwa na tope na kingine hakina.

Kando ya bomba kulikuwa na chupa ya dawa yenyewe, kali, kabla haijatiwa maji. Wawili walimshika kichwa, namna ndama anavyoshikwa anyweshwe dawa ya minyoo. Kiprono aliifungua chupa akammiminia machoni.

Sitaeleza ile sauti.

Walimwacha pale, akaja kuokotwa na dereva wa lori la majani chai. Waliporudi, Kiprono alichukua shoka na kuimaliza ile senetwet. Aliikata shina, akachimba mzizi, akaumwagia mafuta ya taa na kuuwasha, analia huku anakata, maua ya njano yamemjaa nywele. Aliamini analipiza kisasi cha mama yake. Niliona namna chuki inavyoweza kufanana kabisa na mapenzi ukiitazama kwa nyuma.

Kogo hakufa. Alirudi siku ya nne, amekonda, anatembea kwa kuegemea bega la mama yangu. Hakukuwa na sumu yoyote. Kwa miezi alikuwa akimeza vidonge vya maumivu ya magoti alivyonunua dukani, tumbo tupu, bila kumwambia mtu, hadi vikamtoboa vidonda tumboni. Siku ya koito hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri. Mursik ilikuta kidonda kiko wazi, basi.

Alisimama langoni kwanza. Alitazama lile shimo jeusi mahali palipokuwa na kichaka chake. Wanawe walikuwa wamejipanga uani kumpokea, na majirani wengi walioshiriki. Kiprono alisonga mbele akiwa na fahari usoni, akatoa kitambaa mfukoni.

"Mama, tulimpata. Hii ndiyo alama alikuwa anaweka. Chebet aliona akipulizia. Hatakaa apulizie tena."

Kogo alikipokea. Alikigeuza geuza kwenye vidole, akakinyosha.

Kisha akafanya jambo ambalo kwetu mama mzee halifanyi mbele ya wanaume aliowazaa, isipokuwa anapotaka kuwalaani. Alishika sketi yake kwa mikono miwili akaipandisha. Wanaume walipiga mayowe. Walifunika macho, wengine walianguka chini, yule mzee wa kanisa alikimbilia ukutani akageuza uso. Kiprono alipiga magoti na kukumbatia kichwa chake akisema, "Mama, hapana, mama, tafadhali."

"Tazama!" Kogo alipaza sauti, sauti iliyopasuka. "Mbona mnafunika macho? Siku ile yalikuwa wazi. Tazama!"

Chini ya sketi alikuwa amevaa gaguro jekundu. Hakuna aliyewahi kujua lina rangi gani. Kwenye ukingo wake lilikuwa limechanwa kipande, urefu wa mkono, na Kogo alikishusha kile kitambaa pale palipochanwa. Kilitoshana uzi kwa uzi.

"Bosi yake alimwambia aue kila kitu yenye maua ya njano. Mimi nikamwomba. Nikamwambia, kijana yangu, hii moja acha, ni ya vibuyu vyangu. Akasema, mama mzee, nitasahau, nipe kitu nifunge. Nikachana hii. Hii! Yeye alikuwa na heshima, aligeuka akaangalia barabara mpaka nikamaliza."

Aliiteremsha sketi polepole. Nilingojea mikono yake ifanye kazi. Haikufanya.

"Nani alisema aliona?"

Macho yote yalinigeukia. Nilijua kofi la Kogo, mateke yake, fimbo yake ya kibuyu, na ningetoa chochote nilicho nacho anipige siku ile. Alinitazama tu, kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Yaliyofuata watu wazima waliyaita kuelewana. Chifu alikuja, wazee wa pande zote mbili walikutana Chepilat, wakasema yaishe nyumbani kabla mishale haijatoka darini. Hakuna aliyelala rumande hata siku moja. Jambo hilo bado linanichemsha damu, na sioni haya kusema wangefungwa wote, baba yangu mdogo akiwa wa kwanza. Kogo alitoa mtamba wake bora, yule wa madoa, aliyekuwa karibu kuzaa. Kiprono ndiye atakayemswaga hadi kwa Mokaya kwa miguu yake. "Na huyu," Kogo alisema bila kunitazama, "atakuja aseme kwa mdomo yake."

Tulivuka Chepilat asubuhi, mtamba mbele, Kiprono nyuma yake, mimi na Kogo mwisho. Mke wa Mokaya alitupokea na mwiko wa ugali mkononi. Alimpiga nao Kiprono usoni, kichwani, shingoni, na Kiprono alisimama mikono chini, damu ya pua inashuka, hadi mwiko ukavunjika. Kisha yule mama akakaa chini kwenye nyasi akalia. Kogo alikaa chini kando yake. Hawakuwa na lugha moja ya kufarijiana.

Mimi niliingia ndani. Mokaya alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, uso umeelekezwa kwenye mwanga, mkono umefungwa plasta. Jicho moja lilikuwa limefungwa kabisa. Lile la pili lilikuwa wazi, jeupe kama maziwa, na nilielezwa baadaye kwamba liliweza kutenganisha mchana na usiku na si zaidi.

"Ni nani?"

"Ni Chebet. Yule wa shule."

Aligeuza uso kuufuata upande wa sauti yangu.

"Sikuona," nilisema. "Niliwaambia niliona ukipulizia, na sikuona. Niliona tu ukifunga. Nilifikiri nyekundu ni ya kuua."

Nje mtamba alilia. Mokaya alipitisha ulimi kwenye midomo iliyopasuka. Nilingoja matusi, nilitaka matusi.

"Ile kichaka ya mama mzee," aliuliza mwishowe. "Ilipona? Iko?"

Mawazoni nililiona lile shimo jeusi, mzizi unawaka, Kiprono na maua kwenye nywele.

"Iko," nilisema. "Imetoa maua mengi."

Alitikisa kichwa kukubali, mara mbili, tatu.

"Basi. Hiyo moja nilifanya vizuri."

Senge aliolewa mwaka uliofuata, kwingine, kwa chai ya maziwa. Kogo hakuandaa tena mursik hadi alipokufa. Vibuyu vilining'inia juu ya moshi vikakauka, vikaanza kupasuka kimoja kimoja, na hatukuthubutu kuvigusa. Mokaya sikumwona tena. Nilisikia tu kwamba mtamba alizaa, na kwamba watoto wa Mokaya walisoma kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Watu wa kwetu hupenda kuitaja habari hiyo kana kwamba inafuta kitu.

Basi sikumweleza yote hayo yule kijana wa Silibwet. Nilimwachia shati, nikalinyoosha kwa viganja, nikaomba msamaha. Nikamwonyesha ile senetwet changa iliyokuwa mbele yake, katikati ya lantana, na kumwambia ni ya nini. Alikuwa mtoto wa mjini, hakuijua.

"Kumbe! Mimi niliambiwa nipige zote za njano," alisema. "Sawa, mathe, hii naacha. Ngoja nifunge kitu nisisahau."

Alikuwa ameinama kuniokotea vitunguu, na mkononi alikuwa na kile kipande cha nyavu nyekundu. Tayari alikuwa anakizungusha kwenye shina. Nilimnyang'anya kwa nguvu hadi kikamkwaruza vidole.

"Usifunge kitu," nilisema. "Weka kwa kichwa. Ipite tu."

Alinishangaa, lakini alitii. Nikavifunga vitunguu vyangu kwenye leso, nikasimama pale ukingoni, magari yakinirushia vumbi, hadi alipokifikia kile kichaka, akateremsha mrija, akakipita na kuendelea mbele. Safari hii niliona kwa macho yangu.